KUGAWANYIKA KWA SELI: MAANA MBILI ZA NENO MOJA NA SUALA LA SELIMUNDU

0. Utangulizi

Mzee akiwagawia watoto wake wawili shamba, kila mtoto hupata nusu. Kilo moja ya chumvi ikigawanywa mafungu mawili, kila fungu huwa na gramu 500. Katika Kiswahili cha kila siku, kitu kinachogawanyika hupungua, wala hakuna anayetarajia vinginevyo. Lakini mwanafunzi anayefungua kitabu cha biolojia husoma kwamba seli ya mwili ikigawanyika huzaa seli mbili, na kila moja kati ya hizo ina urithi wote uliokuwamo katika seli ya kwanza, bila pungufu. Kurasa chache mbele husoma tena kwamba ziko seli nyingine ambazo zikigawanyika hutoa mayai au mbegu za kiume, na kwamba hizo hubeba nusu tu ya urithi. Neno ni moja, mambo ni mawili.

Makala hii ina shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili, jinsi seli hai zinavyogawanyika na kuzaana. Ya pili ni kuonyesha kwamba kutenganisha maana hizo mbili si suala la darasani peke yake. Nchini Kongo ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita kwa herufi mbili tu, yaani SS, umezigusa familia nyingi. Chanzo cha ugonjwa huo, njia unayopitia kutoka kwa wazazi hadi kwa mtoto, na hata matibabu yake, vyote hufungamana na kugawanyika kwa seli. Somo la biolojia hufundishwa kwa Kifaransa. Lakini huko Lubumbashi, Kalemie, Bukavu, Goma au Kindu, mama aliyempakata mtoto mgonjwa huzungumza na muuguzi kwa Kiswahili. Maelezo yakikosewa katika lugha hiyo, wanaoumia ni watu.

1. Seli na majina yake

Mnamo mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Katika kipande chembamba cha gome la mti aliona vyumba vidogo vingi vilivyopangana, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ni chumba kidogo. Kwa kweli Hooke aliona kuta tu, kwa sababu seli za gome hilo zilikuwa zimekwisha kufa. Hata hivyo jina lilibaki, na ndilo lililozaa neno seli la Kiswahili.

Ilipita karne moja na nusu na zaidi kabla ya wataalamu kukubaliana kwamba viumbe vyote vimejengwa kwa seli. Wajerumani Matthias Schleiden, mwaka 1838, na Theodor Schwann, mwaka 1839, walilisema jambo hilo kuhusu mimea na wanyama. Lakini walikosea katika swali la chanzo: walidhani kwamba seli mpya hujijenga kutokana na majimaji yasiyo na umbo, kama vile chembe za chumvi zinavyojitokeza maji yanapokauka. Katika miaka ya 1850 Robert Remak alionyesha kwamba seli mpya hutokana na kugawanyika kwa seli iliyotangulia, na Rudolf Virchow akaieneza kanuni hiyo kuanzia mwaka 1855: hakuna seli isiyo na mzazi. Kwa hiyo kila seli iliyomo leo katika mwili wa msomaji ina nasaba isiyokatika tangu mwanzo wa uhai duniani.

Kuhusu istilahi, waandishi wengine hutumia chembe hai mahali pa seli. Neno hilo ni zuri, ila chembe hutumika pia kwa mchanga, kwa nafaka na kwa vipande vya maada visivyo na uhai. Makala hii inatumia seli. Tatizo kubwa zaidi limo katika neno kiini. Katika seli, kiini ni sehemu ya ndani inayohifadhi urithi. Katika yai la kuku, kiini ni ile sehemu ya manjano. Mwanafunzi huelekea kudhani kwamba manjano hayo ndiyo kiini cha seli ya yai. Sivyo. Sehemu yote ya manjano, kabla ya kurutubishwa, ni seli moja kubwa iliyojaa akiba ya chakula, na kiini chake halisi ni kidogo sana, kimekaa juu ya manjano hayo. Mwalimu asiyetoa tahadhari hiyo huacha kosa likomae pamoja na mwanafunzi.

2. Kurudufu hutangulia kugawanyika

Siri ya seli kugawanyika bila kupungua ni nyepesi kuitaja: kabla ya kugawanyika, seli hujirudufu. Kinachorudufiwa kwa uangalifu kuliko vyote ni ADN, ambayo vitabu vya Tanzania na Kenya huiandika DNA. Hii ni kemikali ya urithi, mfano wa ngazi ndefu iliyosokotwa. Vidato vyake hutengenezwa kwa vijenzi vinne vinavyoandikwa A, T, G na C. A hukaa na T, G hukaa na C, wala hazibadilishani wenzi. Umbo hilo lilielezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, kwa kutegemea pia picha za mionzi zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin.

Kwa kuwa kila herufi ina mwenzi mmoja tu, upande mmoja wa ngazi watosha kuujenga upande wa pili. Ni kama methali: mtu akisema “haraka haraka”, msikilizaji hujibu “haina baraka”, hata kama hakuelekezwa. Ngazi inapofumuliwa katikati, kila upande huvuta herufi zinazoufaa, na mwishoni hupatikana ngazi mbili kamili, kila moja ikiwa na upande mmoja wa zamani na mmoja mpya. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walithibitisha kwa majaribio ya bakteria kwamba ndivyo kazi hiyo inavyokwenda.

Katika seli moja ya mwanadamu, ADN yote ikinyoshwa na kuunganishwa ingefikia urefu wa meta 2 hivi. Imo katika kiini ambacho jicho haliwezi kukiona, kwa sababu imefungwa na kukunjwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Mwanadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23: katika kila jozi moja ilitoka kwa baba na moja kwa mama. Kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vilifundisha kwamba ni 48, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya kule Uswidi na kutangaza idadi sahihi mwaka 1956.

Seli za mwanadamu zinazokuzwa katika maabara humaliza duru moja kwa saa 24 hivi. Katika muda huo, saa kumi na moja hivi hutumika kwa kukua, nane hivi kwa kurudufu ADN, nne hivi kwa kukagua na kujiandaa, na saa moja tu kwa kugawanyika kwenyewe. Tendo ambalo jicho huliona chini ya hadubini ni mwisho wa kazi ndefu isiyoonekana. Katika duru hiyo kuna vituo vya ukaguzi: seli ambayo ADN yake imeharibika husimama ili itengenezwe, na ikishindikana hujiua. Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kugundua viongozi wa duru hiyo. Vituo hivyo vikivunjika, seli huendelea kugawanyika bila kujali mahitaji ya mwili. Hiyo ndiyo asili ya saratani.

3. Mitosisi: mgawanyo usiopunguza

Mgawanyo wa seli za mwili huitwa mitosisi. Jina lilitolewa na Mjerumani Walther Flemming katika mwaka 1882, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Flemming alitia rangi seli za viluwiluwi vya salamanda, akaona ndani ya kiini nyuzi zikijitokeza, zikijipanga, kisha zikigawana pande mbili. Tangu wakati huo wataalamu wameigawa safari hiyo katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni profazi. Kromosomu, ambazo zilikuwa zimetawanyika kama nyuzi zilizofumuka, hujikunja na kuwa fupi na nene. Kila moja huonekana kuwa na nyuzi mbili pacha zilizoshikana mahali pamoja kama watu waliofungana kiunoni. Hizo ni matokeo ya kurudufu kulikotangulia. Utando wa kiini huyeyuka, na nyuzi nyembamba za protini hujisuka kutoka ncha moja ya seli hadi nyingine.

Hatua ya pili ni metafazi. Nyuzi hizo za protini huzishika kromosomu na kuzivuta huku na huku hadi zote 46 zijipange katikati ya seli. Hapa pana ukaguzi mkali: seli haiendelei mpaka kila pacha awe ameshikwa na nyuzi za upande wake. Hatua ya tatu ni anafazi. Gundi iliyowaunganisha pacha hukatwa, nao huachana kwa ghafla, kila mmoja akivutwa kuelekea ncha yake. Hatua ya nne ni telofazi. Kiini kipya hujengeka kila upande, na kromosomu hufumuka tena. Mwishowe seli ya mnyama hubanwa katikati mithili ya mfuko uliofungwa kwa kamba, ikakatika mara mbili. Seli ya mmea, kwa kuwa ina ukuta mgumu, haiwezi kubanwa. Yenyewe hujenga ukuta mpya katikati.

Matokeo ni seli mbili zenye kromosomu 46 kila moja, sawa na ile iliyozizaa. Kwa njia hii yai moja lililorutubishwa hugeuka kuwa mtoto, kidonda hupona, na mzizi wa kitunguu hurefuka. Mzizi huo una faida kwa vyuo visivyo na vifaa vingi: kitunguu kikiwekwa juu ya maji kwa siku chache huotesha mizizi, na ncha zake, zikilainishwa kwa asidi, zikatiwa rangi na kusetwa juu ya kioo, huonyesha hatua zote nne kwa hadubini ya kawaida.

Si seli zote zinazogawanyika. Chembechembe nyekundu za damu ya mwanadamu hupoteza kiini chake kabla ya kuingia katika mzunguko wa damu. Hazina ADN ya kurudufu, kwa hiyo hazizai. Kila moja huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa. Ili damu isipungue, seli mama zilizomo katika uboho wa mifupa hugawanyika bila kupumzika na kutoa chembechembe nyekundu zipatazo milioni 2 kwa kila sekunde. Hesabu hiyo yafaa kukumbukwa, maana itarudi hapa chini.

4. Miosisi: mgawanyo unaopunguza

Lau mayai na mbegu za kiume zingetokana na mitosisi, kila moja ingekuwa na kromosomu 46, mtoto angekuwa na 92, na mjukuu 184. Lazima basi uwepo mgawanyo mwingine unaopunguza idadi kabla ya kuungana. Dalili ya kwanza ilipatikana nchini Ubelgiji. Mwaka 1883 Edouard van Beneden, wa Chuo Kikuu cha Liège, alichunguza mayai ya mnyoo wa farasi, akaona kwamba baba na mama huchangia kromosomu kwa idadi iliyo sawa. Mgawanyo huo unaopunguza huitwa miosisi.

Miosisi huanza kama mitosisi, kwa kurudufu ADN. Kisha seli hugawanyika mara mbili mfululizo bila kurudufu tena katikati. Katika mgawanyo wa kwanza, kromosomu wenza, yaani ile iliyotoka kwa baba na ile iliyotoka kwa mama, hutafutana na kulala ubavu kwa ubavu. Zikiwa katika hali hiyo hubadilishana vipande. Baada ya hapo hutengana, moja huku na moja kule. Katika mgawanyo wa pili, pacha wa kila kromosomu huachana kama katika mitosisi. Seli moja hutoa nne, na kila moja ina kromosomu 23.

Upande ambao kila mwenza ataelekea hauamuliwi na chochote isipokuwa bahati. Kwa jozi 23, mipangilio inayowezekana ni 8,388,608, bila kuhesabu ile michanganyiko itokanayo na kubadilishana vipande. Ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja hufanana lakini hawalingani, isipokuwa mapacha waliotokana na yai moja.

Mwanamume na mwanamke hutofautiana katika ratiba. Mwanamume huanza miosisi wakati wa kubalehe na huiendeleza maisha yake yote, na kila seli humpa mbegu nne. Mwanamke huianza akiwa bado tumboni mwa mama yake. Seli zake husimama katikati ya mgawanyo wa kwanza, hukaa hivyo kwa miaka mingi, na huendelea mojamoja kila mwezi baada ya kuvunja ungo. Mgawanyo wa pili hukamilika tu mbegu ya kiume inapoingia. Tena, katika nne zinazotarajiwa, moja tu huwa yai. Nyingine ni vijiseli vidogo ambavyo hutoweka. Kwa maana hiyo, mwanamke anapojifungua, yai lililomzaa mtoto huyo lilianza safari yake ndani ya tumbo la bibi.

5. Selimundu: herufi moja iliyokosewa

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza juu ya mgonjwa ambaye chembechembe zake nyekundu za damu zilikuwa zimepinda kama mundu. Kutokana na umbo hilo Kiswahili kimepata jina zuri, selimundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hao, yaani ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake, ni tofauti na ya watu wengine. Vernon Ingram, katika miaka ya 1956 na 1957, akaonyesha kwamba tofauti hiyo ni ya kijenzi kimoja tu cha protini. Leo inajulikana kwamba chanzo ni herufi moja katika jeni iliyomo kwenye kromosomu ya 11: mahali palipotakiwa A pameandikwa T. Mitosisi, ambayo hunakili kwa uaminifu, hulinakili kosa hilo pia, katika kila seli ya mwili.

Kila mtu ana kromosomu mbili za namba 11, kwa hiyo ana nakala mbili za jeni hiyo. Mwenye nakala mbili zilizo sahihi huitwa AA. Mwenye moja sahihi na moja yenye kosa huitwa AS. Kwa kawaida ni mzima na huenda asijue hali yake mpaka apimwe. Mwenye nakala mbili zenye kosa ni SS, naye ndiye mgonjwa. Hemoglobini yake ikikosa oksijeni hushikamana na kuipinda chembechembe. Mishipa midogo huziba, na maumivu makali hufuata. Chembechembe zilizopinda huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Hapo ndipo hesabu ya uboho inaporudi: seli mama za mgonjwa hulazimika kugawanyika kwa kasi kubwa mno, na bado damu hupungua. Hii ndiyo sababu madaktari huwapa wagonjwa hao asidi ya foliki, kwa kuwa seli haiwezi kurudufu ADN bila vitamini hiyo.

Uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 mjini Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2009, uliwakuta asilimia 16.9 wakiwa AS na asilimia 1.4 wakiwa SS. Kosa linalodhuru hivyo limewezaje kuenea kiasi hicho? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Kenya na Uganda, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwaka 1955 Vandepitte na wenzake, kwa takwimu za Kongo ya wakati huo, walithibitisha kwamba makosa mapya ya ADN peke yake hayawezi kueleza wingi wa jeni hiyo. Lazima kuwe na faida inayoihifadhi.

Faida hiyo nayo inahusu kugawanyika. Kimelea cha malaria kali kikiingia ndani ya chembechembe nyekundu hurudia kugawa kiini chake mara kadhaa kabla ya kuugawa mwili wake. Baada ya saa 48 hivi chembechembe hupasuka na kutoa vimelea vipya ambavyo kwa kawaida ni kati ya 16 na 32. Katika damu ya mwenye AS, kimelea hakistawi vizuri, na chembechembe iliyovamiwa huondolewa mapema. Hivyo jeni moja humwokoa mtoto wa AS na kumtesa ndugu yake wa SS.

6. Hesabu inayokosewa

Bwana na bibi wote wawili ni AS. Miosisi ya kila mmoja huzitenganisha kromosomu wenza, hata nusu ya mbegu za bwana zikawa na A na nusu na S; mayai ya bibi vilevile. Kwa hiyo katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata AA, mbili kati ya nne za kupata AS, na moja kati ya nne ya kupata SS.

Maneno “mmoja kati ya wanne” ndiyo yanayopotosha. Wazazi wengi huyasikia kwa maana ya mgawo: katika watoto wanne, mmoja ataugua. Aliyekwisha kumpata huyo mmoja huamini kwamba amelipa deni, na kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Kadhalika, wenye watoto wanne wazima huamini kwamba ugonjwa haumo katika ukoo wao. Imani zote mbili si kweli. Miosisi haina kumbukumbu. Kila yai na kila mbegu ni kura mpya. Uwezekano wa wazazi wawili wa AS kupata watoto wanne bila hata mmoja wa SS ni 81 katika 256, yaani karibu theluthi moja. Wengine, kwa bahati mbaya, hupata wawili au watatu mfululizo.

Kosa la pili ni la lawama. Si nadra mama kuelekezewa kidole kwa kuwa ndiye aliyembeba mtoto, au mtoto mwenyewe kushukiwa uchawi kwa sababu ya maumivu yanayokuja na kwenda. Miosisi inatoa ushahidi mwingine. Mtoto wa SS amepokea S moja kutoka kila upande. Bila mchango wa baba, mama peke yake hawezi kumzaa mtoto huyo, na bila mchango wa mama, baba hawezi. Tena hakuna aliyechagua. Anayefahamu kwamba nusu hutoka huku na nusu kule hana pa kuegemeza shutuma.

Hata tiba hudai tofauti ileile ya migawanyo miwili. Hidroksiyurea, dawa inayopunguza kasi ya kurudufu ADN katika uboho, huufanya mwili utoe zaidi hemoglobini ya aina ya kitoto ambayo haipindi. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, malaria kidogo na vifo vichache. Kwa kuwa inagusa seli zinazogawanyika, damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni katika seli mama za uboho, ambayo bei yake iliyotangazwa Marekani ilizidi dola milioni 2. Seli hizo huendelea kugawanyika kwa mitosisi na kuhifadhi marekebisho. Lakini mayai na mbegu za kiume hazikuguswa. Aliyepona kwa njia hiyo bado huwarithisha watoto wake S. Asiyetenganisha mitosisi na miosisi hataelewa jambo hilo hata akielezwa mara kumi.

7. Hitimisho

Kiswahili hakikosi maneno ya kuyaeleza haya. Kina kurudufu, kugawanyika, kupunguza, pacha, wenza, nakala na kura. Kinachohitajika ni kuyatumia kwa mpango. Inapendekezwa kwamba walimu na wauguzi, pamoja na majina ya kitaalamu mitosisi na miosisi, watumie maelezo thabiti: mgawanyo wa kurudufu kwa mitosisi, na mgawanyo wa kupunguza kwa miosisi. Inapendekezwa pia kwamba “mmoja kati ya wanne” daima ifuatwe na maneno “katika kila mimba”. Nyongeza hiyo ni ya maneno matatu tu, lakini huondoa kosa zima.

Kabla ya ndoa, kipimo cha damu kiitwacho elektroforesi humjulisha mtu kama ni AA, AS au SS. Kipimo hicho hakimkatazi yeyote kuoa au kuolewa. Humpa habari za kuamua kwazo. Lakini karatasi yenye herufi mbili haina faida kwa asiyeelewa zilikotoka. Mwanafunzi wa biolojia anayeijua miosisi kwa Kifaransa tu amefaulu mtihani wake. Yule anayeweza kumweleza shangazi yake kwa Kiswahili, mpaka shangazi akaacha kumlaumu mke wa kaka, amefanya kazi ambayo chuo kikuu kilikusudiwa kuifanya.